Nilibadilisha meno ya mashine, binti yangu analaumu mikono yake

Mshauri wangu, salamu nyingi, na barua ikiwa ndefu univumilie, nimeiandika siku tatu hapa jikoni, nikisikia hatua za mtu naisukuma chini ya sinia, na shule mimi niliishia darasa la tatu kwa hiyo nitakapokosea wewe ninyooshee tu. Naomba unijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi mwanangu anaondoka, na anaondoka kwa kosa langu huku akiamini ni lake.

Mume wangu ni fundi wa viko, hivi vya kuvutia tumbaku, kazi ambayo watu wakiisikia wanacheka kwanza halafu wanauliza kama bado kuna watu wanavuta viko, na wapo, wazee wengi tu, tena wagumu kuridhika kuliko bibi harusi. Ameifanya miaka thelathini na mmoja kwenye banda la nyuma ya nyumba na viko vyake alikuwa akiviita watoto wake wasiolia. Mimi sijawahi kushika mashine yake ile ya kukerezea lakini nimepika huku nikiisikia miaka yote hiyo, ikikohoa nikiwa na sufuria mkononi najua tayari kama kazi imekwenda vizuri au la.

Nikueleze kidogo ili uelewe dhambi yangu. Kiko ukikitazama ni kitu kidogo tu, lakini kina matundu mawili, moja pana linachimbwa kutoka juu ndimo inamokaa tumbaku, jingine jembamba linaingia kutoka mkiani, na hayo mawili lazima yakutane chini kabisa, hapo hapo, yasipishane hata unene wa ukucha. Yakipishana kiko hakivuti, au kinavuta maji maji kinagugumia kama mtoto mwenye mafua, mteja anakirudisha na maneno juu. Sasa kipande cha mti wakati kinatobolewa kinabanwa kwenye kichwa cha mashine na vyuma viwili vinavyotazamana, mafundi wanaviita meno, na fundi wa viko lazima achongeshe meno yake mwenyewe kwa sababu yale yanayokuja na mashine ni ya kubania vitu vya mviringo, na sisi tunatumia vifundo vya mizizi, ambavyo si mviringo wala mraba, ni kama kiazi kilichokatwa na mtu mwenye hasira.

Meno ya mume wangu yalikuwa marefu, yanameza kipande karibu chote. Akishatoboa tundu la kwanza anafungua, anageuza kipande, anabana upya, anachomeka vipande vya ngozi huku na kule mpaka kitulie, anafumba jicho moja, anatukana kidogo, halafu anatoboa la pili na yanakutana. Sijui alikuwa anafanyaje. Nadhani hata yeye hajui.

Miaka miwili iliyopita alianguka bafuni, upande wa kulia wote ukalala, mkono na mguu. Sasa anakaa kwenye kiti mlangoni mwa banda akitazama mashine. Aliyeichukua kazi ni binti yetu wa mwisho, ana miaka ishirini na sita, tunamwita Vumbi kwa sababu tangu mdogo alikuwa akiingia banda lile mtu na kutoka vumbi tupu, mpaka kope. Hakuna aliyemlazimisha. Alianza na miti laini kujifunza kwa meno yale yale ya baba yake, mwaka mzima, vingine vinatoka vizuri vingi vinaharibika, baba yake anasema geuza kushoto kidogo, yeye anageuza, na matundu yanapishana. Halafu jino moja likapata ufa ikabidi yachongeshwe mapya.

Hapo ndipo Vumbi akaja na wazo lake. Alikata kielelezo kwa mkasi kwenye boksi la biskuti, akanionyesha mezani wakati nachambua mchele. Meno yake yalikuwa mafupi, na mwisho wa kila jino kuna kisahani kidogo cha mviringo kinachogeuka. Akasema kipande kikishabanwa kati ya visahani hivyo unatoboa tundu la kwanza, halafu unakizungusha tu pale pale kilipo, hufungui kitu, unatoboa la pili, na lazima yakutane kwa sababu kipande hakijahama. Akasema, "Mama, baba anatumia jicho. Mimi jicho la baba sina, kwa hiyo nataka meno ndiyo yanifanyie hiyo kazi." Nikamwambia vizuri mwanangu. Lakini nilikuwa natazama vile visahani na vilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda.

Mshauri, wakati nina mimba ya huyu huyu Vumbi, kipande kilichomoka kwenye mashine kikampiga baba yake juu ya jicho. Nilikuwa mlangoni nimeshika kikombe chake cha chai. Nilimkandamiza na kitambaa cha jikoni kikalowa kikawa kizito mkononi, nikaomba kingine hakuna wa kunipa, na kovu lile liko mpaka leo, nyuzi saba. Kwa hiyo aliposema visahani viwili vidogo ndivyo vishike kipande cha mti kinachozunguka mbele ya uso wake, mimi sikusikia habari ya matundu, nilisikia kitambaa kile.

Siku ya kwenda kwa fundi chuma ilikuwa ndiyo siku ya baba yake kufanyishwa mazoezi, na mwenye nguvu ya kumnyanyua ni Vumbi, basi akanituma mimi. Akanipa kielelezo na yale meno ya zamani yenye ufa ili fundi apime sehemu ya kuingilia kwenye mashine. Fundi chuma yuko nyuma ya maduka ya matairi, mtu mwenye maneno machache. Alikigeuza kielelezo mara mbili akaniuliza nani amechora, nikasema binti yangu, akasema, "Huyo ameelewa." Mshauri, badala ya kufurahi nikamnyang'anya kielelezo mkononi. Nikamwambia aache hiyo, achonge marefu kama haya ya zamani, tena ayaongeze urefu kidogo yashike zaidi. Akaniambia, "Mama, haya mafupi ndiyo yenye akili." Nikasema mimi ndiye mteja. Akafuta mikono, akasema atafanya ninavyotaka lakini nimfikishie aliyechora kwamba yeye alisema.

Sikumfikishia. Wiki iliyofuata niliyachukua nikamwambia Vumbi kwamba fundi amekitazama kielelezo chake akasema hakiwezekani, vyuma vidogo vile vitakatika, ameshauri tufuate ya baba. Aliyashika yale meno, akayapima kwa kidole, akasema, "Sawa, kama fundi amesema." Mume wangu alifurahi kuona meno yake yamerudi mapya, akasema sasa aanze mizizi ya kweli, akamwonyesha vile vifundo tisa alivyovichemsha na kuvikausha yeye mwenyewe kabla hajaanguka. Ni vya mwisho vya mkono wake. Mti ule haukauki leo kesho, ni miaka.

Ameharibu saba. Miezi minne, saba. Kila kimoja tundu la pili linapita pembeni au linatokea chini. Cha tano kilichomoka kikagonga ukuta karibu na kiti cha baba yake, nikakimbia na mikono ya unga, na unajua nilisema nini moyoni, nilisema afadhali meno ni marefu, yangekuwa yale mafupi ingekuwaje. Cha saba alikikata mwenyewe katikati kwa msumeno ili aone palipokosewa, akakiweka mbele ya baba yake, na baba yake, kwa upole kabisa, na ule upole ndio mbaya, akamwambia, "Mikono ya kazi hii mtu huzaliwa nayo. Yako mizuri, itafutie kazi yake." Vumbi akacheka. Akafagia banda, akafunika mashine kwa shuka ya zamani, akampigia simu binti wa dada yangu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha sabuni, mji mwingine mbali, na nafasi imepatikana. Mashine, baba yake alishamkabidhi, amemuuzia fundi samani wa mtaa wa pili, ataitumia kukerezea miguu ya vitanda, ataifuata siku moja kabla ya safari.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakunja nguo zake, akaniuliza bila kunitazama, "Mama, kweli fundi alisema wazo langu haliwezekani?" Mshauri, nilikuwa na nafasi. Alikuwa ameshika sweta lake la kijani, chumba kizima tuko wawili. Nikasema, "Ndiyo mwanangu, alisema." Akasema basi, ni mimi tu. Akaendelea kukunja.

Tangu hapo napakua chakula cha wenzangu, changu nakirudisha chunguni. Mume wangu, daktari alisema asipandishwe hasira, na nikisema ukweli atajua kwamba nilimdanganya, halafu pia atajua kwamba meno yake ya miaka thelathini yalikuwa na kasoro na mtoto aliiona, na mwanamume aliyebaki na upande mmoja wa mwili nimwondolee na hilo? Na Vumbi akijua, sijui kama ataniita mama kwa sauti ile ile. Nimefikiria niende kimya kimya kwa fundi chuma anichongee yale mafupi, kielelezo bado ninacho nimekificha kwenye debe la unga, halafu niseme fundi amefikiri upya akaona yanawezekana, na mambo yaishe bila mtu kuumia. Au ninyamaze tu aende, maana kiwandani hakuna kitu cha kumrukia usoni? Nishauri, mimi nimeishiwa.

Mimi mama wa Vumbi.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Vumbi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Nitaanza na lile usilotaka kusikia, halafu tutakaa chini tuzungumze kama watu wazima.

Mimi sijui mashine. Kwa hiyo nilimpelekea mkerezaji mmoja maelezo yako, bila kumwambia ni nani, nikamuuliza meno yapi ni ya hatari. Hakufikiri hata kidogo. Akasema kifundo kisicho sawa ukikibana kwa meno marefu kinashikwa kwenye kona moja au mbili tu, kwingine kote ni hewa, ndiyo maana mumeo anachomeka ngozi. Vile visahani vya binti yako vinageuka vikaufuata mti, vinalala juu yake bapa, mradi pande mbili za kipande zimesawazishwa kwanza. Akaniambia kipande kilichogonga ukuta kilichomoka kwa sababu ya urefu ulioongeza, kwa kuwa kadiri meno yanavyotoka mbele ndivyo yanavyotikisika. Umeelewa, mama? Ile siku uliyokimbia na unga mikononi ukashukuru, ulikuwa unashukuru kitu kilichokaribia kumuua mtu. Ulitaka kumkinga binti yako na ukamwekea hatari mbele ya uso wake na mbele ya baba yake. Na fundi chuma alikuambia. Ulimnyamazisha kwa neno mteja, halafu ukaenda kumsingizia.

Sasa kaa. Sikuiti mama mbaya. Mwanamke aliyekandamiza kidonda kile akiwa na mimba ana haki ya kuogopa mashine ile mpaka anaingia kaburini, na laiti ungemwambia Vumbi siku ile ile pale mezani kwenye mchele kwamba unaogopa, angekuonyesha, mngebishana, mngekwenda wote kwa fundi. Hofu yako haikuwa kosa. Kosa ni kwamba uliitoa hofu yako nje ikiwa imevaa nguo za ushauri wa fundi. Binti yako angeweza kubishana na woga wa mama yake. Na neno la mtu anayejua chuma angebishana nalo vipi? Ndiyo maana alisema sawa, na ndiyo maana alipokuuliza mara ya pili, lilipokuwa limebaki jambo moja tu la kulaumiwa, akajilaumu yeye.

Wazo lako la kwenda kimya kimya ulitupe. Huo ni uongo wa tatu, na huu utakuwa na mashahidi, kwa kuwa siku moja Vumbi atapita kwa fundi chuma kunoa kitu na yule mtu wa maneno machache atamwuliza kama yale maneno yake yalimfikia. Je, unataka alisikie hapo, amesimama kati ya matairi?

Kuhusu mumeo, unamfanya mdogo kuliko alivyo. Mtu aliyechomeka vipande vya ngozi kwenye meno yake miaka thelathini na mmoja anaijua kasoro ya meno hayo kuliko mtu yeyote aliye hai. Hukumu yake ilikuwa ya mikono ya binti yake, na aliitoa kwa sababu hakuwahi kuona kielelezo, wewe ulikificha. Kitakachomuumiza si kujua kwamba mtoto aliona mbali. Kitakachomuumiza ni kukumbuka alichomwambia, na hilo ana haki ya kulirekebisha kwa mdomo wake akiwa bado na mdomo. Mwambie baada ya Vumbi, mchana, akiwa amekula, kwa maneno machache, na Vumbi awepo.

Na Vumbi mwambie leo. Usingoje siku njema, siku njema umeshaikunja pamoja na sweta. Mwambie mkiwa wawili na usianze kwa kulia, maana ukilia atakubembeleza na ukweli utapita pembeni. Usianze na mapenzi wala na nyuzi saba. Anza hivi: fundi alisema umeelewa, mimi ndiye niliyekataa, na nilikudanganya mara mbili. Ukimaliza hapo nyamaza. Akikasirika mwache akasirike, akitoka nje usimfuate na maji ya kunywa. Habari ya kitambaa cha jikoni itakuja baadaye, akikuuliza kwa nini, na atauliza. Kielelezo mpe mkononi kisha kesho yake nenda mwenyewe kwa fundi chuma ukamwombe radhi kwa jina lake ulilolitumia. Fundi samani naye apelekewe ujumbe kwamba asubiri mpaka mwenye mashine aseme tena, na mwenye mashine ni Vumbi, si wewe.

Jambo la mwisho, na hili usilichanganye na mengine. Usimwambie ukweli ili abaki. Ukifanya hivyo utakuwa unamchagulia tena, kama ulivyomchagulia kule nyuma ya maduka ya matairi. Huenda akaifunua mashine, huenda akapanda gari aende akafungashe sabuni na asishike kifundo cha mti maisha yake yote, na ukiona anaondoka utanyamaza na utambebea begi mpaka kituoni. Akienda, aende kwa kuwa ametaka. Sasa hivi anaenda kwa sababu anaamini alizaliwa na mikono mibaya, na watu wawili tu huko kwenu, wewe na fundi chuma, ndio mnaojua kwamba si kweli. Fundi chuma alishasema lake.